NANI KASEMA WEWE SI WA KAWAIDA?

Leo tuanze na karatasi moja.

Kila tunapotembelea shule za sekondari hapa Songea tunakwenda na boksi la maswali. Ni boksi la biskuti tu, tumelitoboa tundu kwa juu. Wanafunzi wanaandika maswali bila kutaja majina, wanayatumbukiza, halafu tunayajibu mbele ya wote. Mengi yanafanana: hedhi, chunusi, UKIMWI, namna ya kumkataa mtu bila kumuudhi. Lakini siku moja ya mwezi wa saba, baridi imekolea na watu wamejikunyata ndani ya masweta, nilikuta karatasi iliyokunjwa mara sita. Ilisema hivi:

"Dada shikamoo. Mimi ni mvulana wa kidato cha tatu. Nina tatizo la kupiga punyeto. Wenzangu bwenini wanasema ukifanya hivyo mbegu zinaisha, macho yanaingia giza na mwisho unakuwa chizi. Sasa nimeanza kusahau masomo, naona imeshaanza. Kuna mganga pale stendi kasema ataniweka sawa, nikampa nauli yangu ya likizo. Sijaona mabadiliko. Je, nitapona? Au mimi si mtu wa kawaida?"

Nilisoma mara mbili. Kijana wa watu amekosa usingizi, amekosa nauli ya kwenda kwao, na anasubiri kuwa chizi. Nilimjibu siku ileile kwa kifupi, na mwisho wa makala hii nitamjibu vizuri zaidi. Lakini kuna swali lilinikaa kichwani mpaka nikalifanyia kazi: haya maneno ya giza machoni na uchizi yametoka wapi? Mganga wa stendi hakuyatunga. Wenzake wa bwenini nao hawakuyatunga. Yana umri wa zaidi ya miaka 250, na walioyaeneza kwa nguvu walikuwa madaktari wenye heshima zao.

Hii ndiyo stori yake.

MAGUNIA MANNE

Mkoa wetu ni mkoa wa mahindi, kwa hiyo nitatumia mfano wa mahindi. Nyumbani kwa mkulima mahindi ya kula yana gunia lake na mahindi ya mbegu yana lake. Mbegu zimepakwa dawa. Ukikosea gunia ukazipeleka mashineni, ugali wake unaweza kuua familia. Mahindi ni mahindi, lakini gunia lina maana.

Jamii nayo ina magunia yake. Kitu ambacho watu hawakukizoea, hasa kikihusu mwili na mapenzi, hutupwa katika gunia mojawapo kati ya manne:

La kwanza ni DHAMBI AU MWIKO. Hapa wanaosema ni dini na mila.
La pili ni JINAI. Hapa inayosema ni sheria, na kazi yake ni ya polisi na mahakama.
La tatu ni UGONJWA. Hapa anayesema ni daktari, na anatakiwa awe na ushahidi.
La nne ni TOFAUTI TU. Hakuna aliyeumia, hakuna kilichooza, ni watu tu hawajazoea.

Sasa sikiliza vizuri. Habari ya "watu wasio wa kawaida" kwa sehemu kubwa ni habari ya vitu kuhamishwa kutoka gunia hili kwenda lile. Kinachoitwa dhambi leo, kesho kinaitwa ugonjwa. Kilichoitwa ugonjwa jana, leo kinaitwa tofauti tu. Na mara nyingi mwenye mwili wake hakuulizwa.

TUANZE NYUMBANI

Usifikiri hayo ni mambo ya Wazungu peke yao. Ukifungua kamusi za zamani za Kiswahili utakuta neno "kigego". Kigego ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Katika sehemu za pwani yetu iliaminika kwamba mtoto huyo ni nuksi, akiachwa ataangamiza ukoo. Wengine waliuawa. Mtoto mchanga, kosa lake jino!

Leo muuguzi yeyote wa kliniki ya watoto atakuambia kwamba watoto wengi huanza na meno ya chini, na wachache huanza na ya juu. Basi. Hakuna kingine. Kigego alikuwa wa gunia la nne, wakamtupa katika gunia la kwanza, na gharama yake ilikuwa maisha.

Mimi mwenyewe ni shoto. Nilipokuwa darasa la kwanza mwalimu alinifunga mkono wa kushoto kwa kamba ya katani ili niandike kwa wa kulia. Alisema mkono wa kushoto hauna adabu. Nililia, nikaandika herufi zinazoangalia nyuma, nikaitwa mzito. Makala hii unayosoma nimeiandika kwa mkono uleule uliofungwa.

Kumbe basi jambo linaweza kuwa la watu wachache na lisiwe baya. "Si kawaida" ikimaanisha "wachache" ni hesabu tu. "Si kawaida" ikimaanisha "mbovu" ni hukumu. Maneno ni yaleyale, lakini mambo ni mawili, na watu wengi wameumizwa kwa sababu ya kuyachanganya.

KIJITABU CHA LONDON NA DAKTARI WA LAUSANNE

Sasa turudi kwenye punyeto. Kwa karne nyingi viongozi wa dini waliihesabu katika gunia la kwanza. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1700, mjini London, kikatoka kijitabu kisicho na jina la mwandishi, kinaitwa Onania. Jina hilo lilitoka kwa Onani wa kitabu cha Mwanzo sura ya 38, ingawa habari yenyewe inamhusu mtu aliyekataa kumzalia mtoto marehemu kaka yake. Kijitabu kilisema punyeto si dhambi tu, bali inaleta magonjwa ya kutisha. Na unajua kurasa zake zilikuwa na nini kingine? Tangazo la dawa! Ukishaogopa, unanunua. Mganga wa stendi, mzee wako wa kazi aliishi London.

Mwaka 1760 jambo likapata nguvu mpya. Daktari Samuel Auguste Tissot wa Lausanne, Uswisi, mtu aliyeheshimiwa Ulaya nzima, alichapisha kitabu kizima juu ya suala hilo. Alidai kwamba kupoteza wakia moja ya shahawa ni sawa na kupoteza wakia 40 za damu. Kwa hiyo, alisema, mwili unakauka, macho yanadhoofika, kumbukumbu inapotea, mwisho ni wazimu na kifo.

Unaona? Macho, kumbukumbu, wazimu. Ndiyo maneno yaleyale ya karatasi ya Songea.

Kwa kuwa aliyesema ni daktari, walimu, wazazi na wahubiri wakayabeba. Yakaingia katika vitabu vya malezi ya vijana. Hata Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, katika kitabu chake cha skauti cha mwaka 1908 alionya kwamba tabia hiyo hudhoofisha moyo na kichwa na ikiendelea huleta wazimu. Mzee huyo alimalizia maisha yake jirani hapa, Nyeri nchini Kenya, akafariki mwaka 1941 na kuzikwa hukohuko. Nia yake huenda ilikuwa njema. Elimu yake juu ya jambo hili ilikuwa ya Tissot.

WALIKOSEA WAPI?

Hapa ndipo nataka uwe makini, maana makosa yao yanafanywa mpaka leo, hata darasani kwako.

Kosa la kwanza: kudhani vitu vinavyoonekana pamoja basi kimoja kimesababisha kingine. Madaktari wa zamani waliwaangalia wagonjwa wa akili wakaona wanapiga punyeto, wakasema "ndiyo iliyowaharibu". Nenda hospitali yoyote hapa Ruvuma, waulize wagonjwa wote kama wamewahi kula ugali. Watasema ndiyo. Je, ugali ndio uliowalaza? Ili ujue, inabidi uwaulize na wazima. Na wazima nao wamekula ugali!

Kosa la pili: kujaza pengo. Wakati huo hakuna aliyejua kifua kikuu kinaletwa na nini. Kijana anakonda, anakohoa, anakufa. Watu wanataka mtu wa kumlaumu, na punyeto ilikuwepo karibu. Mwaka 1882 Robert Koch wa Ujerumani akawaonyesha wenzake bakteria wa kifua kikuu. Ndipo ikaonekana kwamba kijana hakujiletea ugonjwa kwa mkono wake.

Kosa la tatu ndilo linalonisikitisha zaidi. Hofu yenyewe inaleta dalili. Mwambie mtu kwamba atakuwa chizi. Hatalala. Asipolala atasahau masomo. Akisahau masomo atasema, "Ndiyo hiyo, imeanza." Yule kijana wetu hasahau kwa sababu ya punyeto. Anasahau kwa sababu usiku kucha anahesabu siku zilizobaki za akili zake.

TIBA ILIYOKUWA MBAYA KULIKO UGONJWA

Ukishaita kitu ugonjwa, lazima utafute tiba. Hapo mambo yakawa mabaya kweli.

Miaka ya 1860 daktari wa upasuaji wa London, Isaac Baker Brown, aliamini kwamba wanawake wanapata kifafa na wazimu kwa sababu ya punyeto. Akawa anawakata kinembe. Mwaka 1866 alichapisha kitabu akijisifu kwa kazi hiyo. Mwaka 1867 madaktari wenzake wakamfukuza katika chama cha madaktari wa uzazi cha London. Shutuma kubwa ilikuwa kwamba wanawake wengine walikatwa bila kuelezwa wala kukubali. Kule Marekani, Daktari John Harvey Kellogg, yule ambaye yeye na mdogo wake walianzisha vile vipande vya mahindi vya kula na maziwa asubuhi, alishauri wavulana watahiriwe bila ganzi ili maumivu yawe fundisho, na wasichana wapakwe asidi. Asidi! Na huyo alikuwa anaandika kwa ajili ya wazazi.

Kabla hujasema "Wazungu bwana", njoo huku kwetu. Katikati ya nchi, Dodoma na Singida, kuna neno "lawalawa". Ni jina la maradhi ya watoto wa kike: muwasho sehemu za siri, maumivu wakati wa kukojoa. Familia nyingi ziliamini kwamba tiba yake ni kumkeketa mtoto. Zahanati inazijua dalili hizo. Ni maambukizi katika njia ya mkojo au ukeni, yanatibika kwa dawa na usafi, na mtoto anarudi kucheza. Lakini palipoaminika kwamba mwili wa msichana una kasoro tangu kuumbwa, kisu kiliitwa dawa.

Tazama hao wawili: daktari wa London mwenye koti jeusi, na ngariba wa kijijini mwenye wembe. Hawakujuana. Hata hivyo walisema neno moja: mwili wa mwanamke ulivyo si sawa, ukatwe ukae sawa.

Habari njema ni kwamba watu hubadilika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1996 ulikuta wanawake 18 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 49 nchini wamekeketwa. Ule wa 2015–16 ulikuta 10, na ule wa 2022 ulikuta 8. Nane bado ni wengi. Ila mila si mlima. Inasogea watu wakiamua.

ORODHA INAREFUKA, ORODHA INAFUPIKA

Mwaka 1886 daktari wa akili wa Austria, Richard von Krafft-Ebing, alitoa kitabu kinaitwa Psychopathia Sexualis. Ndani yake alikusanya na kuyapa majina mambo ya mapenzi aliyoyaona si ya kawaida. Sehemu zenye mambo mazito aliziandika kwa Kilatini ili mtu wa kawaida asielewe. Watu aliowaeleza aliwapata zaidi hospitalini na mahakamani. Hebu fikiria: mtu anataka kuijua Songea, halafu anakwenda kuongea na mahabusu na wagonjwa tu. Atarudi kwao aseme Songea ni mji wa wagonjwa na wahalifu.

Zaidi ya hapo, kipimo chake kikuu kilikuwa uzazi. Tendo lisiloelekea kwenye mtoto lilikuwa kasoro. Swali la kama wahusika wamekubaliana, au kama kuna aliyeumizwa, halikuwa ndicho kipimo. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Baadaye wakaja watu wa kuhesabu. Alfred Kinsey wa Marekani alikuwa mtaalamu wa nyigu. Alizoea kukusanya nyigu kwa maelfu na kuona kwamba hawafanani. Akatumia njia hiyo kwa binadamu, akawahoji watu maelfu. Mwaka 1948 aliandika kwamba wanaume wapatao 92 kati ya 100 aliowahoji waliwahi kupiga punyeto; mwaka 1953 akaandika kwamba kwa wanawake ni wapatao 62 kati ya 100. Sasa niambie, kama ingekuwa inaleta uchizi, nani angebaki Marekani wa kuendesha gari?

Orodha ya magonjwa ikaanza kufupika. Mwaka 1973 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya magonjwa. Shirika la Afya Duniani likafanya hivyohivyo mwaka 1990. Watu walewale, miili ileile. Kilichobadilika ni kitabu.

Hapa kwetu jambo hilo limekaa katika magunia mengine. Sheria iliyoandikwa wakati wa Waingereza inaliita kosa dhidi ya maumbile, na mwaka 1998 Bunge liliongeza adhabu yake. Misikiti na makanisa mengi yanalikataza. Kwa hiyo daktari, hakimu na shehe wanaweza kutoa majibu matatu kuhusu mtu mmoja. Wewe kama kijana msomi jua tu ni nani anaongea na anaongea kwa mamlaka ya gunia lipi. Na jua pia kwamba kumpiga mtu, kumvua nguo au kumzomea njiani hakumo katika gunia lolote la haki. Anayekuja zahanati na homa atibiwe homa.

LEBO INAYOMFAA ALIYEIBANDIKA

Kuna swali moja usilisahau: nani anafaidika nikiitwa si wa kawaida?

Daktari J. C. Carothers alifanya kazi miaka mingi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Ndani yake alimfananisha Mwafrika mzima, mwenye afya, na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikatoa ripoti yake nyingine, safari hii kuhusu Mau Mau. Aliueleza uasi ule kama tatizo la akili za watu waliokwama kati ya maisha ya zamani na mapya.

Msomaji wa Songea, wewe uliyeingia Makumbusho ya Majimaji na kuona majina ya mashujaa walionyongwa mwaka 1906, utaelewa haraka. Mtu akinyang'anywa shamba lake akakasirika, haumwi. Ila ukishamwita mgonjwa, huna haja ya kumrudishia shamba.

Hivyo hivyo mganga wa stendi. Kijana akijua kwamba ni mzima, biashara imekufa.

KUNA VILIVYOKUWA "KAWAIDA" NA SASA NI JINAI

Wengine watasema: "Dada, basi unataka kila kitu kiwe sawa tu?" Hapana. Magunia yanahamishwa pande zote mbili.

Zamani mtu mzima kumtaka binti wa shule lilikuwa jambo la kuchekwa kijiweni. Watu walisema "buzi kapatikana". Aliyeonekana ana kasoro alikuwa binti: kahaba, mtukutu, hana malezi. Akipata mimba anafukuzwa yeye. Mzee anaendelea kunywa bia yake. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ikaligeuza jambo hilo. Kulala na msichana asiye mke wako aliye chini ya miaka 18 ni kubaka, hata kama alisema ndiyo, na kifungo chake hakipungui miaka 30. Sheria hiyohiyo ilifanya ukeketaji wa wasichana wa chini ya miaka 18 kuwa jinai. Baadaye redio zikatuletea neno "fataki", na yule mzee aliyekuwa anachekewa akaanza kuonewa haya.

Tazama na ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aozwe kwa idhini ya mzazi, na wa miaka 14 kwa idhini ya mahakama. Mvulana ilikuwa 18. Mwanasheria Rebeca Gyumi akafungua kesi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Jambo lililoitwa kawaida kwa miaka mingi likaonekana kuwa kasoro, na kasoro haikuwa ya binti.

Umeona kipimo kilivyobadilika? Zamani waliuliza, "Je, wengi wanafanya hivi? Je, linaleta mtoto?" Sasa tunauliza, "Je, kuna anayeumia? Je, amekubali, na ana umri na uhuru wa kukubali?" Kwa kipimo hiki punyeto ya mvulana wa bwenini inatoka katika gunia la ugonjwa, na fataki anaingia katika gunia la jinai. Vilevile vitu viwili, vimebadilishana nafasi.

MASWALI MANNE YA KUULIZA

Siku ukisikia mtu anaitwa "si wa kawaida", au ukiitwa wewe, usikimbilie kuamini. Uliza:

1. Ni gunia gani? Wanasema ni dhambi, jinai, ugonjwa, au hawajazoea tu? Wasikuchanganyie.
2. Ushahidi uko wapi? Wamewauliza na wazima, au wagonjwa tu?
3. Nani anaumia? Kama kuna anayeumizwa au kulazimishwa, usinyamaze. Mwambie mtu mzima unayemwamini, au nenda dawati la jinsia la polisi.
4. Nani anafaidika? Anakuuzia dawa? Anakutawala? Anakukata?

UZUSHI NA UKWELI

Uzushi: Punyeto inamaliza mbegu.
Ukweli: Tangu balehe mwili wa mwanaume unatengeneza mbegu mamilioni kila siku. Haziwekwi akiba kama pesa za benki, kwa hiyo haziishi.

Uzushi: Inaleta upofu, uchizi, au utasa.
Ukweli: Hapana. Huo ni urithi wa mwaka 1760.

Uzushi: Wavulana tu ndio hufanya.
Ukweli: Wapo wasichana wanaofanya na wapo wasiofanya. Wavulana nao hivyohivyo. Kutofanya pia ni kawaida.

Uzushi: Ukiota ndoto nyevu umerogwa.
Ukweli: Ni mwili unaokua. Fua shuka, nenda darasani.

MAJIBU YA KARATASI ILIYOKUNJWA MARA SITA

Mdogo wangu, marahaba.

Wewe ni mzima. Huna cha kupona kwa sababu huumwi. Macho yako yatakuwa sawa, akili zako zitabaki zako, na siku ukitaka watoto, punyeto haitakuzuia. Kwa upande wa Virusi vya UKIMWI, tendo la mtu peke yake halimwambukizi.

Kama dini yako inafundisha kwamba ni dhambi, hilo ni la imani yako na sitakuingilia. Zungumza na padri, mchungaji au shehe unayemwamini. Lakini shika hili: dhambi inaombewa toba, haitibiwi kwa mizizi ya elfu ishirini. Asikuchanganyie mtu magunia.

Kama unaona jambo hili linakula muda wako mpaka hufanyi kazi za shule, hukai na wenzako, au unajiumiza, hapo tafuta mtu wa kuongea naye: mwalimu wa unasihi, patroni, au muuguzi wa kituo cha afya. Si kwa sababu umekuwa chizi. Ni kama mtu anayecheza bao kutwa nzima. Bao halina sumu, ila mitihani haimsubiri. Mara nyingi mpira, usingizi wa kutosha na rafiki wa kweli vinasaidia kuliko dawa yoyote.

Usinywe tena ile dawa. Kama uliyokwisha kunywa imekuletea kutapika, kuharisha au kizunguzungu, nenda zahanati uwaeleze ulichokunywa. Hawatakucheka, wameyaona makubwa kuliko hayo.

Na kuhusu nauli. Mwambie mzazi wako ukweli, hata nusu yake: kwamba uliogopa ukadanganywa ukatoa pesa. Mzazi anaweza kufoka siku moja. Wewe umebeba hofu hii peke yako muhula mzima, na kufoka kwa siku moja ni kwepesi kuliko huo mzigo.

Usiku wa leo, lala. Ukiamka, jaribu kusoma ukurasa mmoja wa bailojia. Nina hakika utaukumbuka.

Dada yako wa boksi la biskuti.